Uwanja Usiozungushwa

Mbwa wa kulinda nyumba hulala akiangalia nje. Hilo halihitaji shule, maana mwizi hatokei sebuleni. Lakini asubuhi ya kwanza katika nyumba mpya, Jesca alipofungua mlango wa mbele mswaki ukiwa mdomoni, aliwakuta mbwa wake wawili wamekaa bega kwa bega kule mwisho wa uwanja, wameipa barabara mgongo, wanaitazama nyumba. Hawakutikisa mkia. Macho yao hayakuwa kwake. Walikuwa wakitazama pembeni yake kidogo, chini, kimo cha goti.

"Nyie vipi?" aliwauliza. Akatema povu, akarudi ndani kujiandaa kwenda kazini.

Jesca alikuwa muuguzi, mzaliwa wa Mafinga, aliyehamishiwa zahanati ya kijiji kimoja kando ya barabara ya Kilambo, kule ambako mto Ruvuma unakaribia kuingia baharini. Uhamisho hakuuomba. Mbwa nao hakuwaomba, walikuwa wa baba yake. Mzee alipofariki ndugu waligawana mabati, shamba la miti na mashine ya kukamulia alizeti, na mbwa wakabaki uani bila mwenyewe. Dume jeusi liliitwa Sijali, jina ambalo mzee alimpa siku aliyogombana na jirani juu ya mpaka wa shamba, ili kila akimwita mbwa jirani naye asikie. Jike la kahawia alikuja baada ya suluhu, ndiyo maana aliitwa Pendo. Jesca aliwapakia kwenye lori la mbao akashuka nao mpaka Mtwara, kwa sababu kilichobaki duniani cha kuitikia mluzi wa baba yake kilikuwa hao wawili.

Kijijini walipojua kwamba nesi kwao ni Iringa, ambako watani husema mbwa ni kitoweo, utani ukaanza. "Nesi, hao ni wa kufuga au wa Krismasi?" Mara ya kwanza Jesca alicheka. Mara ya ishirini hakuona tena kichekesho kiko wapi.

Tatizo lilikuwa uwanja. Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri, ya tofali na bati jekundu, lakini haikuwa na ukuta, wigo wala hata safu ya michongoma. Majirani wote, hata wenye vibanda vya udongo, walikuwa na uzio wa makuti. Hii peke yake ilikaa wazi kama godoro lililoanikwa. Mwenye nyumba, Bwana Domingo, aliishi mjini, Rahaleo, na kila Jesca alipompigia simu jibu lilikuwa moja.

"Mwezi ujao nesi. Fundi nimeshamwambia."

"Basi niruhusu niweke hata miti mwenyewe."

"Hapana, hapana! Usihangaike kabisa. Mwezi ujao."

Wakati Domingo anautafuta mwezi wake, Sijali na Pendo waliua bata wa watu, wakamwangusha mwenye baiskeli, wakaingia msibani na kutoka na mfupa. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Danieli, alikuja mwenyewe. Alikataa kiti.

"Nesi, tunakuheshimu. Wajukuu zangu umewapokea wewe. Lakini kuna habari za kichaa cha mbwa vijiji vya huko juu, na watu wana hofu. Hawa wakionekana tena barabarani bila mtu, mgambo watawaua. Sitaweza kuwazuia."

Jesca alimpigia binamu yake Elia, bwana mifugo huko Mafinga, karibu alie kwa hasira.

"Huna haja ya ukuta," Elia alimwambia. "Kata vijiti, funga vitambaa juu vipeperuke, changanya rangi wavione. Uzungushe uwanja wote. Halafu wafunge kamba, uwatembeze asubuhi na jioni njia ile ile. Kila kitambaa simama, sema neno moja, geuka nao kurudi ndani, wape kitu kitamu. Mbwa anataka kuambiwa kitu kimoja mara nyingi na mtu asiyechoka."

"Nani hachoki?"

"Ndiyo maana watu wanajenga kuta, dada."

Kwa hiyo Jesca alikata vijiti vya mkorosho. Nyeupe alitumia bendeji zilizopitwa na muda. Nyekundu alichana kanga iliyokwisha. Nyeusi alitoa kwenye mwavuli uliovunjwa na upepo. Alivichomeka kuzunguka uwanja mzima na upepo wa mtoni ukavipeperusha vizuri sana. Asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi akawa anazunguka na mbwa wake, mfuko wa ng'onda ubavuni. Kila kitambaa anasimama, anasema "Mwisho," anageuka, anatupa kipande cha samaki upande wa ndani. Wakitulia anasema "Kaa." Wakiwa mbali anapiga ule mluzi wa baba yake, wa sauti mbili, na kusema "Njoo."

Jambo la ajabu, utani ulikatika. Watu waliopita barabarani walianza kumsalimia kwa adabu, wengine wakivua kofia. Mzee Danieli alipunguza mwendo wa baiskeli, akatazama vitambaa, akashusha sauti.

"Hapo umefanya la maana, nesi."

"Ni elimu tu, mzee. Wanahitaji elimu."

Mwenyekiti alimtazama kidogo, kama mtu aliyejibiwa swali la mwingine, akakanyaga pedeli akaenda zake.

Lakini mbwa walielewa kinyume. Mwisho waliujua upesi, ila wao walitaka kuwa nje yake. Nje ya vitambaa walitulia kama waumini. Ukiwavuta kuingia ndani, makucha yalichora ardhi, masikio yakalala, na Pendo akajikojolea. Kipande cha ng'onda kilichotupwa ndani hawakukifuata, hata wakiwa na njaa. Jesca alikuwa hajawahi kuona mbwa anayekataa samaki. Aliwabembeleza, akawafokea, akawabembeleza tena. Alichelewa kazini kwa ajili yao, akarudi kuendelea, na hatua moja hawakusogea.

Samaki ndio waliomshtua kwanza. Vipande ambavyo mbwa waliviacha, akimaliza mzunguko havipo. Sisimizi hakuna, kunguru hakuna, na vumbi pale palipokuwa na kipande lilikuwa limelambwa mpaka likang'aa. Akasema ni paka. Kisha zikaja kucha. Akiwa amejilaza chumbani mchana wa Jumapili alisikia kucha za mbwa zikitembea kwenye saruji ya kibaraza, ka-ka-ka-ka, bila haraka, zikaingia sebuleni, zikasimama mlangoni pa chumba chake, na pumzi ikaanza, ile ya mbwa aliyetoka kukimbia. "Pendo, toka, una matope," alisema bila kufumbua macho, maana kulikuwa na harufu ya manyoya yaliyolowa. Halafu akakumbuka kwamba mvua zilikwisha zamani, na kwamba Pendo na Sijali alikuwa amewafunga kwenye mkorosho, nje ya vitambaa. Alipofumbua macho hapakuwa na kitu. Harufu ilibaki, na ndani yake kulikuwa na tope la mtoni na kitu kingine kitamu, kama udi.

Mchana mwingine alirudi kupika chakula. Jua lilikuwa utosini, kijiji kimya, hata jogoo hawawiki. Kupitia dirisha la jikoni aliwaona mbwa kule mwisho wa uwanja, na Sijali amesimama wima, kamba imekaza, anakaribia kujinyonga. Jesca, mwiko mkononi, uvumilivu ukiwa umeungua kabla ya ugali, alipiga kelele: "Sijali! Kaa!"

Sijali hakukaa. Nyuma ya Jesca, hapo hapo jikoni, kitu kikakaa.

Alikisikia vizuri kabisa. Alisikia uzito ukishuka, makalio yakigusa saruji, kucha zikijipanga, kisha mkia ukafagia sakafu mara moja, ukatulia, ukafagia tena, kama wa mbwa aliyefanya alichoambiwa na sasa anasubiri chake. Na Jesca hakugeuka, alibaki ameshika ukingo wa dirisha huku ugali ukiungua, akiwatazama mbwa wake ambao nao walikuwa wakitazama nyuma ya bega lake, na pumzi ile ya joto ikamfika kwenye mashavu ya miguu, ikapanda, ikanusa mkono wake wenye harufu ya samaki, kidole kimoja kimoja, kwa upole, bila kugusa.

Alipogeuka, sakafu ilikuwa tupu. Pale palikuwa na alama mbichi ya maji, duara, kama palipokaa mbwa aliyetoka mtoni.

Alisali. Alikuwa Mlutheri wa kwenda kanisani kila Jumapili, na alisali kwa sauti, amesimama, mlango wazi. Kitu kile kilikaa chini na kusikiliza sala mpaka Amina. Kisha mkia ukafagia sakafu.

Jesca alimwogopa Mungu, akaogopa na nyumba, lakini kilichomzidi ni hasira. Hasira kwa Domingo na miezi yake, kwa Elia na vitambaa vyake, na zaidi ya wote kwa mbwa. Wao ndio walinzi. Kama kuna kitu ndani ya nyumba, kazi yao ni kuingia wakitoe, si kukaa barabarani kama wageni waliofukuzwa arusini. Jioni ile alikwenda nao mbio mbio mpaka kwenye vitambaa, kamba mbili mkononi.

"Leo mtaingia."

Aliwavuta. Wakajilaza. Akawaburuta, vumbi likitimka, Pendo akilia kama mtoto. Akapiga mluzi wa baba yake, kwa nguvu, mara nyingi. "Njoo! Njoo!" Na upande wa nyumba, majani makavu ya mkorosho yakaanza kuvunjika, moja baada ya jingine, yakija kwake kwa mbio fupi za furaha, mpaka yakasimama mbele ya miguu yake, na pumzi ikawa tatu: mbili za mbwa wake nyuma yake, na moja mbele. Sijali akamng'ata mkono akitaka kujinasua. Jesca akampiga na ncha ya kamba, usoni.

Hakuwahi kumpiga mbwa maisha yake yote. Sijali hakulia. Alimtazama tu, kama alivyokuwa akimtazama mzee alipougua, akachomoa shingo, kamba ikateleza, akaenda zake barabarani. Jesca aliketi chini palepale akalia kwa aibu.

Sijali alirudishwa na Mzee Danieli mwenyewe, amefungwa kwa kipande cha katani. "Nimewahi kabla ya mgambo," alisema. "Sitawahi tena."

Siku iliyofuata Mama Ermelinda alirudi kutoka ng'ambo ya mto. Huyu ndiye aliyekuwa jirani wa karibu, mjane ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma wakati wa vita, na ambaye kila msimu alirudi Msumbiji kuvuna mpunga kwenye shamba la ukoo. Alikuwa huko tangu kabla ya vitambaa. Mwanawe Helder, mwendesha boti kwenye kivuko cha Kilambo, alimleta kwa pikipiki pamoja na gunia. Mama alishuka, akaona uwanja, akasahau gunia.

"Shikamoo, mama," Jesca alisema.

Ermelinda hakuitikia shikamoo. "Nesi. Nani kakuambia uzungushe hapa?"

"Hakuna. Nafundisha mbwa."

"Na rangi hizi kakupa nani?"

"Bendeji, kanga, na mwavuli."

"Ai, mama yangu." Alirudi nyuma mpaka katikati ya barabara. "Mwanangu, hapo ni njia. Kuna mwenyewe anatoka mtoni, anapita hapo, anakwenda kule bwawani, anarudi. Tangu wazee wetu hawajafika. Hagusi mtu. Ndiyo maana uwanja huo hauzungushwi. Domingo hakukwambia?"

"Domingo ananiambia mwezi ujao."

"Domingo alijenga kwa ubishi. Ukuta aliuanza, akalala usiku mmoja, asubuhi akaubomoa kwa mikono yake, akahamia mjini." Ermelinda alipunguza sauti. "Wewe umemzungushia nyekundu, nyeupe na nyeusi, bendera zake zote. Unapita asubuhi na jioni unamtupia samaki, unamwambia mwisho. Alikuwa mpita njia, nesi. Umempa kwao."

"Na kijiji kizima kilikuwa kinaniangalia?"

"Walidhani umeelekezwa na fundi wa uganga. Mtu anayezindika nyumba yake, nani atakwenda kumuuliza dawa yake? Ni adabu mbaya."

Jesca alitamani kucheka akashindwa. Adabu! Watu waliokuwa wakimuuliza juu ya nyama ya Krismasi bila haya, siku aliyohitaji kuulizwa swali moja tu la maana, ndiyo siku walipovua kofia.

Fundi mwenyewe alikuwa Bi Mwanaidi, na Helder alimleta kabla ya adhuhuri. Alishuka kwenye pikipiki akiwa amekasirika tayari, kanga puani, simu ikiita kwapani.

"Mbwa wasiniguse, nina udhu," alisema kwanza. Akafukiza udi pale barabarani, akasikiliza upande wa nyumba kwa muda mrefu, akakata simu iliyokuwa ikiita. "Mimi simtoi. Simjui na hanijui. Aliyemfunza ni wewe, anakusikia wewe. Anajua nini?"

"Njoo. Kaa. Mwisho."

"Umemfundisha kwenda?"

"Nani anafundisha mbwa kwenda, bibi?"

"Basi hajui kwenda," Bi Mwanaidi alisema. "Anajua kuzunguka na mbwa. Ng'oa bendera zako kinyume cha ulivyozungusha, jua likiwa utosini, upande wa mtoni uwe wa mwisho. Ukifika hapo mfungue mbwa mmoja. Atatimka, na yeye atamfuata. Akishakanyaga njia yake ataikumbuka."

"Na mbwa wangu?"

"Mbwa anapajua kwao."

"Hapa hajapajua! Si ndiyo shida yote hiyo!"

"Usinipandishie sauti, mwanangu. Mimi sikuchomeka kijiti." Bi Mwanaidi alimwonyesha Pendo kwa kidevu. "Na mbwa akirudi, usimpokee wewe. Usimwite jina, usimpe kitu kwa mkono wako, mpaka huyu jike amnuse na amkubali. Mpokezi ni jike. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Ermelinda alikwenda kumwomba mwenyekiti awazuie mgambo siku hizo, na Jesca akabaki na kazi yake. Alimfunga Sijali mkanda wake mwekundu wa shingoni, uliotengenezwa kwa mshipi wa mkoba wa kanisani, akashika kamba mbili, akaanza.

Alizunguka kinyume. Aling'oa bendeji, aking'oa kijiti anafunika shimo kwa kisigino, akang'oa kanga, akang'oa mwavuli, hana samaki, hasemi neno, na mbwa waliokuwa wakiburutwa siku zote sasa walitembea wenyewe, karibu sana na magoti yake, upande wa nje, kwa sababu upande wa ndani palikuwa na kitu kinachotembea nao. Alikisikia kikisimama kila aliposimama. Alikisikia kikikaa chini mbele ya kila kijiti, kwa utii, kikisubiri kuambiwa mwisho, na alipokataa kusema kikaanza kulia, kilio chembamba cha ndani ya koo, kilio cha mbwa asiyeelewa amekosa nini. Na Jesca, aliyekuwa amewahudumia akina mama mia wakipambana na uchungu, aliona machozi yanamtoka kwa ajili ya kitu ambacho hakujua kina macho mangapi, maana kilikuwa kimejifunza yote, kila neno, kwa upendo, ilhali mbwa wake wenyewe hawakutii hata moja. Kanga. Bendeji. Mwavuli. Kivuli chake mwenyewe kilikuwa kimekwisha chini ya miguu, na mbele kulibaki kijiti kimoja, upande wa matete, ambako njia nyembamba inashuka mtoni.

Alipiga goti, akamkumbatia Sijali. Uso wake bado ulikuwa na alama ya kamba.

"Nisamehe," alimwambia sikioni. "Nenda. Halafu urudi."

Akaifungua kamba, akang'oa kijiti. Sijali alitimka bila kugeuka. Nyuma yake, matete yalilala mara mbili, mstari wa mbwa na mstari mwingine mpana zaidi, na yote yakafungana tena. Nyumba ikawa kimya, ule ukimya wa kawaida, wa nzi na sufuria chafu. Pendo akaingia ndani mwenyewe, kwa mara ya kwanza, akanywa maji ya ndoo.

Sijali hakurudi jioni ile. Jesca alikaa mlangoni na sahani ya ugali mpaka ukakauka. Mluzi ulikuwa mdomoni lakini aliumeza.

Asubuhi alipofungua mlango, Sijali alikuwa amekaa uwanjani. Alikuwa amelowa, mkanda hana, lakini mzima, na amekaa hasa pale palipokuwa na mstari wa vitambaa. Ameipa nyumba mgongo. Anaangalia nje.

Pendo alipomwona alisimama manyoya ya shingo yote, akanguruma ngurumo ambayo Jesca hakuwahi kuisikia kwake, kisha akapita mlango wa nyuma, mbio, mpaka kwa Ermelinda.

Jesca alikumbuka maneno ya Bi Mwanaidi. Hakuyasahau hata kidogo, na hilo ndilo linaloumiza. Ila alikuwa amechoka. Pendo alikuwa ameogopa kila kitu tangu siku ya kwanza. Aliogopa vitambaa, aliogopa kibaraza, aliogopa hata samaki. Unawezaje kuweka furaha yako mikononi mwa mbwa mwoga kama yule? Na huyu hapa alikuwa Sijali, wa baba yake, amerudi kwa mtu aliyempiga.

"Sijali!" aliita, sauti ikikatika. Akakimbia, akampa ng'onda kwa mkono wake. Sijali wa zamani alikuwa akinyakua. Leo alichukua kwa midomo, kidogo kidogo, bila meno kugusa ngozi. Hata kupigwa kuna funzo, Jesca aliwaza, akaona aibu, akampapasa kichwa.

Tangu hapo hakumsumbua tena. Uwanja ulikuwa wazi, kijiti hakuna, kitambaa hakuna, na Sijali hakuvuka mstari hata mara moja. Kuku walipita puani pake. Mzee Danieli alisimamisha baiskeli akatikisa kichwa. "Sasa huyu ndiye mbwa, nesi. Wangekuwa wote hivi!" Jesca alisikia fahari ambayo hakuwa ameisikia tangu ahamie. Alijiambia kwamba uvumilivu unalipa. Kero iliyobaki ilikuwa Pendo, aliyekataa kabisa kurudi nyumbani na kulala chini ya ghala la Ermelinda, na Ermelinda mwenyewe, ambaye siku hizi alipita barabara ya nyuma. Manyoya ya Sijali pia hayakukauka vizuri. Alimwogesha kwa sabuni ya zahanati, na ile harufu tamu ikabaki.

Jumamosi mchana alikuwa sebuleni akikunja nguo, Sijali amelala kwenye kizingiti, akiangalia nje kama inavyotakiwa, simu ilipoita. Alikuwa Helder.

"Shikamoo, nesi. Niko ng'ambo huku, nimevusha mzigo."

"Marahaba. Salama?"

"Salama. Nesi, mbwa wako yuko huku."

"Pendo? Kavukaje mto?"

"Si Pendo. Huyu mweusi. Sijali." Upepo ulivuma kwenye simu. "Ana ule mkanda wako mwekundu shingoni. Watu wanasema yuko hapa ukingoni tangu wiki ile, hali, anaangalia upande wa kwenu tu analia. Nimejaribu ule mluzi wako, kaja mbio mpaka mapajani. Amekonda maskini. Msikie."

Jesca alimsikia. Ilikuwa sauti ya Sijali, kile kilio chake cha mkato alichokuwa akilia mlangoni kwa mzee akiugua, na chini yake sauti ya maji yakipiga boti. Shati la kazi lilimtoka mikononi.

Kwenye kizingiti, sikio moja jeusi lilikuwa limegeukia simu.

"Nesi? Nimlete?"

Alitafuta neno, akakuta kati ya yote aliyoyarudia asubuhi na jioni hakuna hata moja la kumsaidia sasa. "Nenda," alinong'ona akielekea mlangoni. "Nenda."

Kitu kile kiliinamisha kichwa upande mmoja, kama mwanafunzi mzuri aliyeulizwa somo ambalo hajafundishwa. Kisha kikainuka, kikajigeuza taratibu, kikaipa barabara mgongo, na kulala tena kama kizibo cha mlango, kikiangalia ndani.